Barua kwa mwanangu: kile kipimo cha moyo

Mwanangu, meseji yako nimeiona jana usiku, unauliza kipimo cha mishipa ya moyo walichokuandikia kinauma au wanapasua. Hawapasui baba. Ile ya kupitisha mrija mkononi au kwenye paja ni nyingine, hii yako ni sitiskani (CT scan), mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wanakuchoma kanula mkononi, yaani kasindano kenye mrija mdogo wa kupitishia dawa, wanakubandika waya kifuani, kitanda kinaingia kwenye duara kubwa basi.

Ila kahawa acha kuanzia jana yake, na chai na kola pia. Mimi mwaka juzi nilishuka kwenye basi Dar nimechoka na safari ya kutoka huku Mtwara, nikapiga vikombe viwili pale stendi, kufika hospitali moyo unapiga zaidi ya 90 kwa dakika na wao wanautaka ushuke karibu na 60, maana moyo ukikimbia picha inatoka imetikisika, wakanipa vidonge vya kuupunguza kasi nikakaa benchi weee mpaka ukatulia.

Halafu kuna dawa wanakuwekea chini ya ulimi kutanua mishipa, kichwa kinaweza kugonga kidogo. Hapo sasa nisikilize vizuri, kama unatumia zile dawa za nguvu za kiume waambie, mimi sikuulizi na wala usione aibu, lakini zikikutana na hiyo ya chini ya ulimi presha inaweza kuporomoka vibaya sana, mtu anazimia. Na kama una pumu au sukari sema, dawa unazokunywa zibebe na maboksi yake. Figo watakupima kabla maana kuna dawa wanakuingizia kwa ile kanula ili mishipa ionekane kwenye picha, nayo inatokea huko.

Ikiingia hiyo dawa utasikia joto linashuka mwili mzima mpaka unadhani umejikojolea, hujajikojolea, na mdomoni ladha ya chuma, haichukui muda inaisha. Mimi hakuna aliyenitahadharisha nikashtuka nikavuta pumzi wakati wameniambia niibane, ikabidi turudie. Wewe bana tu, ni sekunde kama kumi hivi. Ukisikia kuwashwa au koo kubana usivumilie, ita hapohapo.

Ukishamaliza kipimo, unywe maji mengi. Na tiketi kata ya siku moja kabla, ulale kwa shangazi yako Mbagala, mama yako ameshaongea naye.

Baba yako, Mikindani