Kipaumbele cha watoto nikitafute wapi?

SWALI: Ndugu mchumi, assalaam aleykum. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Sahare, Tanga. Kila kiongozi akishika kipaza sauti anasema watoto ni kipaumbele cha taifa. Kitaalamu, kipaumbele hicho kinapimwaje? Nikitaka kuhakikisha, niangalie wapi?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu mjumbe. Angalia kitabu cha bajeti, halafu kiangalie tena mwaka ukiisha.

Nianze na kipimo, maana hapo ndipo mtoto anapotupotea. Umaskini tunaupima kwa kaya. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakawa chini yake. Hesabu hiyo inakueleza chungu cha nyumba nzima. Nani kapakuliwa nini, haikuelezi. Mvuvi anayeuza samaki wake soko la Deep Sea anaweza kuuvuka mstari huo huku mwanawe anashindia uji mweupe.

Nenda kliniki siku ya kupima watoto. Utamkuta mmoja mashavu yamejaa, anacheka, mama yake hana wasiwasi naye hata kidogo. Kadi inasema ana miaka mitatu. Msimamishe kwenye ubao wa kupimia urefu: kimo ni cha mtoto wa miaka miwili. Huo ndio udumavu, na kwa macho huuoni. Utafiti wa afya wa 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano, kutoka 34 mwaka 2015/16. Umeshuka, ila kwa mwendo wa kobe.

Sasa pesa. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, kutoka mapato ya ndani. Tuseme halmashauri ina watoto 40,000: hiyo ni Sh milioni 40. Kwenye kitabu utaikuta imeandikwa vizuri tu. Lakini kutenga si kutoa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ikifika mwisho wa Machi robo tatu zimekwisha. Hapo muulize diwani wako: zimetoka ngapi, na zimefanya nini? Ukijibiwa semina, uliza mafuta ya gari na posho zimekula kiasi gani. (Sisemi semina hazina kazi. Nimeziandaa mwenyewe.)

Kisheria tuna pa kusimama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wa maeneo yao. Ambacho sheria hiyo haina ni lengo la kupunguza umaskini wa watoto lenye namba na mwaka. New Zealand walitunga sheria ya namna hiyo 2018: serikali inajiwekea malengo na siku ya bajeti inaeleza ilipofikia. Mimi naitamani, ila nisikudanganye kwamba sheria peke yake inatosha. Uingereza walikuwa nayo tangu 2010, na 2016 Bunge likayafuta malengo yake.

Kwa upande wako, usingoje Juni bajeti isomwe Dodoma. Wakati huo mambo yameshapikwa yakaiva. Mapendekezo ya mwaka unaofuata huanza kukusanywa huku chini miezi mingi kabla, na mwenyekiti wako wa mtaa anaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mpe kitu cha kwenda nacho. Kaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mpitie daftari lake nyumba kwa nyumba, mpate idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano mtaani kwenu na wangapi hawajapimwa urefu. Pasipo idadi hiyo, ile Sh 1,000 mtaizidisha kwa nini?