Usimdanganye Mtoto Anayekwenda Kupasuliwa

Juzi mama mmoja wa Kasulu aliniandikia: mwanawe wa miaka mitatu anapasuliwa ngiri wiki ijayo, afanyeje asiogope? Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, na kila mara namwona mwanangu.

Alikuwa na miaka minne, ngiri hiyo hiyo. Tulipotoka Ujiji asubuhi nilimwambia tunakwenda ziwani kuangalia boti. Akavaa viatu mwenyewe, cha kushoto mguu wa kulia. Alipoona makoti meupe alielewa kabla sijafungua mdomo. Walimbandua kifuani kwangu ameng'ang'ania khanga yangu, mlango ukafungwa huku ananiita. Alipozinduka hakunijua. Macho wazi, hanioni, anarusha miguu, anataka kung'oa kanula, ule mrija wa dawa uliochomekwa mshipani, analia "Namtaka mama!" na mimi ndiye niliyempakata. Karibu nusu saa. Kisha majuma matatu ya kukojoa kitandani na kushtuka usiku. Bado inaniuma.

Baadaye mtaalamu wa dawa za usingizi alinieleza kwamba watoto wadogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, wanaweza kuamka na fadhaa hiyo baada ya nusukaputi, zaidi ikiwa ni dawa ya kuvuta kama sevofluran. Hupita yenyewe. Lakini anayeingia na hofu kubwa ndiye hupatwa zaidi, na hata maumivu na usingizi wa siku zinazofuata huwa vibaya.

Basi dada yake alipotakiwa kutolewa mafindofindo, akiwa na miaka mitano, nilimwambia ukweli siku tatu kabla. Tukampasua mwanasesere. Kikombe cha plastiki kikawa barakoa ya dawa ya usingizi, akaambiwa avute pumzi kama anayetaka kujaza puto. Nilimwambia koo litauma, na akiamka atanikuta. Niliomba kuingia naye mpaka asinzie. Nilipoomba mara ya pili nikakubaliwa. Alipoamka alinitazama, akaomba maji. Nililia kwa furaha pale pale.

Wazazi wenzangu, tuseme kweli! Uongo ule tunauita huruma, lakini ni woga wetu sisi. Mtoto anasoma uso wako kabla ya maneno yako. Uliza pia habari ya kufunga: mara nyingi chakula hukatazwa kwa muda wa saa 6 kabla ya kupasuliwa, ila maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Wafuate wanaomhudumia, maana mtoto mwenye kiu na njaa habembelezeki.

Mama wa Kasulu, anza leo jioni na kikombe. Na ile khanga unayolala nayo, usiifue, ibaki na harufu yako. Nendeni nayo.