Kelele za usiku karibu na bandari ya Malindi, Unguja
Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima uvumilie kelele kwa sababu umehamia jirani na bandari. Lazima wapi! Honi ya boti ya asubuhi ikitoka kwenda Dar, hiyo tumekua nayo. Lakini spika za mkahawa wa watalii saa saba usiku ni jambo jingine kabisa. Vichochoro vyetu vyembamba, kuta za mawe, mdundo unagonga huku unarudi kule. Kwangu vikombe vinalia kabatini. Andika tarehe na saa kwa wiki mbili, rekodi kwa simu, kisha nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, wewe pamoja na majirani watatu wanne, barua mkononi. Akiwapiga danadana, pelekeni nakala ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Peke yako usiende, utaitwa mgomvi.