"Anaingia", "aliingia" au "huingia": skripti ya filamu iandikweje?

SWALI: Naandika skripti yangu ya kwanza ya filamu. Kwenye maelezo ya matendo nimeweka "Asha anaingia, anakaa". Rafiki yangu aliyesoma fasihi anasema Kiswahili kizuri ni "Asha aliingia akakaa", na mwingine kaniambia niweke "huingia". Nimsikilize nani?

JIBU: Endelea na "anaingia". Hao wenzako hawajakosea sarufi, zote tatu ni Kiswahili safi, ila wanawaza hadithi ya kitabuni na wewe unaandika kitu kingine. Msomaji wa riwaya anapewa jambo lililokwisha kutokea. Skripti inasomwa na watu ambao wanaenda kulitengeneza hilo jambo, muongozaji, waigizaji, mtu wa kamera, mtu wa sauti, na wote inabidi wakisoma waone kitu kinatokea sasa hivi, kwa hiyo -na- ndo inafaa.

Hiyo "huingia" achana nayo kabisa kwenye matendo, maana hu- ni ya mazoea. "Asha huingia chumbani bila kubisha" ni tabia ya Asha, na tabia hairekodiwi kwa mara moja, itabidi umwonyeshe akiingia hivyohivyo sini mbili tatu (sini ni onyesho moja la filamu) mpaka mtazamaji mwenyewe aseme huyu ndo zake. Kuna watu wanapenda pia "Asha aingia" kama vichwa vya habari vya magazeti, hiyo sio kosa, ila ukianza nayo uende nayo mpaka mwisho.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho hujauliza lakini kwenye sentensi yako nimekiona, na nakiona kwenye skripti nyingi sana, ni hii "anakaa". Umekusudia nini? Kama Asha anaingia halafu anavuta kiti anakaa, sawa kabisa. Ila watu wanaandika "Asha anakaa kitandani, Juma anasimama mlangoni" wakimaanisha sini ikianza tunawakuta hivyo, na mwigizaji akisoma hapo anajua yeye ameandikiwa kitendo, huyu ashuke akae, yule ainuke asimame. Ulichotaka ni "Asha amekaa kitandani, Juma amesimama mlangoni". Kiswahili chetu kina vitenzi vya namna hii vingi, ukiviwekea -na- mtu yuko kwenye kutenda na ukiviwekea -me- tendo limeshaisha tunaona hali iliyobaki: analala na amelala, anavaa na amevaa, anashika na ameshika, anainama na ameinama. Ukiandika "Juma anavaa koti jeusi" inabidi mtu wa mavazi aandae koti pembeni na Juma aanze bila koti, na wewe ulitaka tu tujue kavaa nini! Na "mzee anakufa sakafuni" na "mzee amekufa sakafuni" hizo ni sini mbili tofauti kabisa, moja inataka mwigizaji mzuri sana na nyingine inataka mtu anayeweza kubana pumzi. Kwa hiyo kila kitenzi kipime hivi, kamera ikiwashwa sekunde hiyo inamwona mtu anajongea au inamkuta tayari?

Jambo lingine ni kiambishi a- na -m-. Lugha yetu haitenganishi mwanamke na mwanamume hapo, na mimi naona ni uzuri mkubwa wa Kiswahili, lakini kwenye skripti unaweza kukuumiza. Soma hii: "Juma anamfuata Asha mpaka dirishani. Anamshika mkono. Anamsukuma." Nani kamsukuma nani? Mwandishi anajua kichwani kwake, aliyepewa karatasi hajui, na hilo ni jambo ambalo linageuza hadithi nzima. Rudia majina. Najua shuleni tulifundishwa insha ikirudia jina moja kila mstari haipendezi, hapa lisikusumbue, andika "Asha anamsukuma Juma" usonge mbele. Ila wakiwa wamebaki wawili na hakuna utata, tumia utajiri ulionao: "Anamfungulia." Neno moja tu, na ndani yake kuna anayefungua, anayefunguliwa na tendo lenyewe. Kwenye fani hii ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo mistari mifupi ya hivi inakusaidia hata kupima urefu wa filamu yako.

Angalia na mlango. "Mlango unafunguliwa" maana yake kuna mtu anafungua, hata kama hatumwoni bado. "Mlango unafunguka" hapo umefunguka wenyewe, na kama unaandika filamu ya kutisha tofauti hiyo ndo sini yako yote. Wengi wanachanganya hizi mbili bila kujua wameshamwita jini.

Matendo mawili yakienda pamoja, la pili lipe -ki-: "Asha anaongea na simu akikunja nguo." Ukiweka "anaongea na simu, anakunja nguo" msomaji anaelewa kamaliza simu ndo kaanza nguo.

Na huyo rafiki yako wa "aliingia akakaa", usimtupe, kwa sababu -ka- ina kazi kubwa ila mahali pake ni kwenye mazungumzo. Mhusika akianza kusimulia yaliyomkuta mwachie -li- na -ka- zake zote, tena kama watu wanavyosema mdomoni, sio kama wanavyoandika barua ya kazi. Juma akiulizwa jana usiku ilikuwaje, asijibu "niliingia ndani, kisha nilimkuta ameketi, kisha nilimwuliza". Mwache aseme: "Nikaingia bwana, namkuta kakaa tu, nikamuuliza we vipi, kimya, nikarudi zangu." Umeona hiyo "namkuta" imeingia katikati? Watu wakisimulia kwa moyo wanaruka hivyo wenyewe pale jambo linapokolea, na mwigizaji akiikuta kwenye karatasi anajua hapo ndo pa kupandisha sauti.