Safari ya sehemu za filamu za zamani na mbwa ndani ya gari

Umeuliza kama California na Monument Valley, lile bonde la filamu za kauboi mpakani mwa Arizona na Utah, mnaweza kuzimaliza kwa wiki moja, wewe na rafiki yako na mbwa. Mnaweza, ila mtakuwa mnaendesha tu, mi ningebaki California.

Anzieni Lone Pine, mji mdogo mashariki mwa California, pale kwenye vilima vya mawe vya Alabama Hills zilipigwa filamu za kauboi kibao, na mbwa anatembea na nyie bila shida. Wengi wanakosea hapa, wanadhani kila sehemu ya wazi mbwa anaingia, kumbe Death Valley hapo jirani ni hifadhi ya taifa, haruhusiwi kwenye njia za miguu, anaishia barabarani na kambini tena kwa kamba. Na msimwache kwenye gari jamani, hata kioo kikiwa wazi kidogo joto la ndani linapanda dakika chache tu, pokezaneni, mmoja anapiga picha mwingine anakaa nae kivulini.

Kabla ya kufika sehemu angalieni filamu yake usiku, mpige skrinshoti, halafu kesho mnatafuta engo ile ile. Lone Pine ni rahisi maana mawe hayajahama, unalinganisha na milima ya nyuma basi.

Halafu Bodega Bay, mji wa pwani kaskazini mwa San Francisco, kule kwa The Birds ya 1963, ile filamu ya Hitchcock ya ndege wanaoshambulia watu. Ile shule inayoonekana kwenye filamu haiko Bodega Bay yenyewe, iko kijiji cha Bodega, ndani kidogo kutoka baharini, na siku hizi ni nyumba ya mtu, kwa hiyo pigeni picha mkiwa barabarani, msigonge mlango. Maji ya mbwa bebeni mengi kuliko mnavyodhani.