Hisa za umeme na gesi: kila mtu anawasha taa, lakini hela inabaki kwa nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu, nimebakiza miaka saba nistaafu. Gawio la sacco limenipa shilingi 200,000 ambazo sina haraka nazo. Shemeji yangu aliyeko Marekani ananiambia kule wazee huweka akiba kwenye hisa za kampuni za umeme na gesi, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuacha kutumia umeme. Hapa kwetu naona Kenya Power na KenGen zimepanda sana. Je, nigawe hela nusu kwa nusu ninunue zote mbili? Na kampuni za gesi je? (Mwalimu, Voi)

JIBU: Mwalimu, kabla ya kumpigia dalali simu, fungua ujumbe wa mwisho uliotumiwa uliponunua tokeni. Hela uliyolipa ni moja, lakini chini yake kuna mlolongo: gharama ya mafuta, VAT, tozo ya EPRA (mdhibiti wa nishati), tozo ya umeme wa vijijini, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei. Kila mstari pale una mwenyewe anayeusubiri. Mwenye hisa hana mstari wake. Yeye anakula kinachobaki wenzake wakishanawa mikono.

Ndiyo maana ile hoja ya “kila mtu anatumia umeme” huwa hainitoshi. Unga pia kila mtu anautumia, na wenye vinu wangapi wamefunga? Tofauti ni kwamba mwenye kinu akipandishiwa bei ya mahindi naye atapandisha bei ya unga keshoye. Kampuni ya umeme haiwezi. Bei yake inapangwa na mdhibiti, na mdhibiti ana masikio mawili: moja linasikiliza hesabu za kampuni, jingine linasikiliza wananchi na wanasiasa. Januari 2022 serikali iliteremsha bei ya umeme kwa asilimia 15. Aprili 2023, baada ya uchaguzi, EPRA ikaidhinisha bei mpya za juu. Nguzo zilikuwa zilezile, transfoma zilezile, wateja walewale.

Shemeji yako hajakosea kuhusu Marekani, ila amekupa nusu ya hadithi. Kule kila jimbo lina tume yake. Kampuni ikijenga laini au bomba la gesi, tume inaikubalia kurudisha gharama hizo kupitia bili na kupata faida juu ya mtaji wa wenye hisa, mara nyingi kati ya asilimia 9 na 10 kwa mwaka. Biashara ya namna hiyo hutoa gawio kwa miaka na miaka bila kelele, na wazee huipenda kwa sababu hiyo. Lakini muulize kuhusu PG&E ya California, kampuni ya umeme na gesi. Desemba 2017 ilisimamisha gawio kwa hofu ya madai ya moto wa nyika. Novemba 2018 laini yake ikawasha moto ulioua watu 85, na Januari 2019 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Wateja wake hawakukaa gizani kwa sababu hiyo. Walioumia ni wenye hisa.

Sasa turudi nyumbani. Kenya Power na KenGen ni wanyama wawili tofauti, japo magazeti huziandika kama pacha.

KenGen inazalisha: mvuke wa Olkaria kule Naivasha, na mabwawa ya Mto Tana kama Masinga, Gitaru na Kiambere. Inauza karibu umeme wake wote kwa mteja mmoja, Kenya Power, kwa mikataba ya miaka mingi. Sehemu ya malipo ni ya mtambo kuwa tayari kufanya kazi, uitwe usiitwe, na sehemu ni ya umeme uliotoka. Mvua ikigoma mabwawa hutetereka, ila mvuke hauna habari na mvua. Mapato ya hivi ni ya kuchosha, na mimi mapato ya kuchosha nayapenda.

Kenya Power ndiyo inayokusanya. Inanunua umeme kwa jumla, inausambaza, inakudai wewe na mimi. Zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaonunua haifikii bili ya mtu yeyote. Mwingine unapotelea kwenye nyaya, mwingine unaibwa. Mdhibiti anairuhusu kumtoza mteja sehemu tu ya upotevu huo, ziada inaibeba yenyewe. Pia ina madeni ya dola na yuro. Hapa ndipo utaelewa habari za faida yake. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Mwaka uliofuata, faida ya bilioni 30. Kilichotokea katikati? Bei mpya za umeme zilifanya kazi kwa mwaka mzima, hilo ni kweli. Lakini shilingi nayo ilitoka kwenye takriban 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 ikarudi karibu 129 katikati ya mwaka, na deni lililoandikwa kwa dola likasinyaa kwenye vitabu bila mtu kulipa hata senti. Shilingi ikianguka tena, hesabu hiyohiyo itageuka. Ule mstari wa fedha za kigeni kwenye tokeni yako unasaidia, lakini haufuti tundu linaloonekana kwenye mizania deni lote linapohesabiwa upya.

Ukisoma ripoti ya mwaka, basi, usiishie kwenye faida. Tafuta neno “fedha za kigeni” kwenye maelezo ya hesabu uone faida ingekuwaje bila hilo. Kisha tazama mtiririko wa fedha, kwa sababu gawio hulipwa kwa pesa taslimu.

Kuhusu kununua zote mbili ili kugawa hatari: unagawa kidogo kuliko unavyodhani. Mmoja ni mdeni wa mwenzake. Kenya Power ikikwama, KenGen inabaki na ankara zisizolipwa. Juu ya hapo, serikali ndiyo mwenye hisa mkubwa kote kuwili, asilimia 70 ya KenGen na 50.1 ya Kenya Power. Wewe utakuwa abiria kwenye basi ambalo dereva wake pia ndiye anayepanga nauli, na mwaka wa kura nauli hupangwa kwa namna yake.

Bei uliyonunulia ndiyo inayoamua. KenGen iliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, watu wakapanga foleni, na ilipoingia sokoni ikaruka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2016 kampuni iliwauzia wenye hisa hisa za nyongeza kwa shilingi 6.55. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa inazungukia shilingi 2. Miaka yote hiyo mvuke ulikuwa unatoka Olkaria na taa zinawaka. Kenya Power nayo mwanzoni mwa 2024 ilikuwa chini ya shilingi 2, na kabla 2025 haijaisha ilishavuka 10. Aliyenunua mwanzoni mwa 2024 kisha akapata gawio la senti 70 la mwaka ule alirudishiwa zaidi ya theluthi ya hela yake kwa mpigo mmoja. Gawio la mwaka uliofuata lilikuwa shilingi 1. Kwa anayenunua kwa shilingi 13, hiyo ni kama asilimia 7.7 kabla ya kodi. Liweke kando ya riba ya dhamana (bondi) ya serikali ya siku utakayonunua, halafu ujiulize kama tofauti inakulipa kwa usingizi utakaoukosa. Na ukumbuke kwamba kabla ya zile senti 70, Kenya Power ilikaa miaka bila kulipa gawio lolote.

Kuna kisa cha jirani nisingependa ukikose. Kampuni iitwayo Umeme, ya Uganda, ilipewa kazi ya kusambaza umeme kwa miaka 20 kuanzia 2005, ikauza hisa Kampala mwaka 2012 na kuziorodhesha Nairobi pia. Ilikuwa inalipa gawio vizuri. Serikali ya Uganda ikakataa kuongeza mkataba, na mwisho wa Machi 2025 kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali. Serikali ikalipa dola milioni 118 za fidia, Umeme ikasema ni kidogo mno, na ugomvi ukaenda kwenye usuluhishi London. Sehemu ya gawio lile nono ilikuwa ni mtaji wako mwenyewe unarudishwa polepole. Kwenye kampuni ya namna hii uliza kwanza leseni inaisha lini.

Gesi ni fupi. Afrika Mashariki hakuna kampuni ya mabomba ya gesi ya majumbani unayoweza kununua hisa zake sokoni. Kwenye soko la Dar es Salaam utaona TOL Gases, wengi hudhani ni ya gesi ya kupikia. Hiyo inauza oksijeni kwa hospitali na mafundi wa kuchomelea, na kaboni dayoksaidi ya soda. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, haipo sokoni kabisa. TotalEnergies ya Nairobi inauza mitungi, ndiyo, lakini hiyo ni biashara ya vituo vya mafuta, haina faida inayokubaliwa na tume kama ile ya Marekani.

Ningekuwa wewe? Nusu kwa nusu nisingefanya. Sehemu kubwa ya zile 200,000 ningeipeleka kwenye dhamana ya serikali inayoiva karibu na kustaafu kwako. Kama 60,000 hivi ningenunua KenGen, kwa mafungu matatu kwa mwaka mzima, si siku moja. Kenya Power ningeiacha hadi nione miaka miwili ya faida ambayo haikubebwa na dola. Soko la Nairobi siku hizi linaruhusu kununua hata hisa moja, kwa hiyo usikubali dalali akuharakishe ujaze hisa mia.

Utakapopokea gawio, kodi ya asilimia 5 itakuwa imeshakatwa, na ndiyo ya mwisho. Hisa za sokoni ukiziuza kwa faida hulipi kodi ya ongezeko la mtaji. Na angalia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa: bei huwa inashuka karibu na siku hiyo kwa kiasi kinachokaribia gawio, kwa hiyo kukimbilia kununua wiki moja kabla ni kujilipa kwa mkono wa kushoto ulichotoa kwa mkono wa kulia, tena ukiwa umemwachia dalali kamisheni yake.