Sirosisi: je, ini la mwanamke ni imara kuliko la mwanaume?

Swali limekuja kwa sababu wodini wanaolazwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, wengi ni wanaume. Uimara wa ini si sababu. Mwaka 2017 sirosisi iliua watu kama milioni 1.32 duniani, theluthi mbili wanaume, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni pombe pamoja na homa ya ini B na C. Estrojeni, homoni ya kike, hupunguza kasi ya makovu, ila hushuka hedhi ikikoma.

Kwenye pombe mwanamke ndiye anayeumia haraka. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Mwili wake una maji kidogo kuliko wa mwanaume wa kilo zilezile, kwa hiyo bia ileile humpanda zaidi kwenye damu. Gongo usiipigie hesabu, kila mpishi na ukali wake.

Kwa Afrika Mashariki ningeanza na homa ya ini B. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Mama akiwa na virusi, kungoja chanjo ya wiki ya 6 ni kuchelewa, na watoto wanaoambukizwa uchangani, 9 kati ya 10 hubaki navyo. Mwenye sirosisi ya B humeza tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, miligramu 300 kila siku. Akiiacha kwa sababu "nimepata nafuu", virusi hufumuka na ini linaweza kufeli.

Sirosisi ikifika tumbo kujaa maji, bado kuna vifo vya kuzuia. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Akipata homa au akianza kuchanganyikiwa, maji ya tumboni yapimwe siku hiyohiyo: neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 250 au zaidi kwa mikrolita ni maambukizi, antibayotiki ianze bila kungoja majibu ya kuotesha vijidudu maabara. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, ile ya kununua dukani bila cheti cha daktari, huzipunguzia figo damu mpaka zinafeli. Parasetamoli inaruhusiwa, mwisho gramu 2 kwa siku. Na msimnyime mayai na maharage eti ini lipumzike, misuli itaisha.

Akitapika damu, mishipa ya umio (njia ya chakula) imepasuka pengine, ni hospitali usiku huohuo. Huko antibayotiki huanza mapema, na damu huongezwa kwa kiasi, himoglobini ifike gramu 7 hadi 8 kwa desilita. Ukijaza kupita hapo presha ya mishipa hiyo hupanda na inaweza kupasuka tena.